Jina la Juu ya Bahasha

Katibu wa zamani wa ranchi yetu ya kikundi hakuwahi kuandika jina juu ya bahasha bila kunyamaza kwanza. Tulikuwa watoto hapa Doldol, tukimtazama kwenye kibaraza cha duka, daftari la wanachama magotini, kalamu imesimama hewani.

Mzee wa Kimasai hatajwi kwa jina kavu. Ni Menye fulani, baba wa fulani. Mama naye ni Ng'oto fulani. Na jina la marehemu halitamkwi. Basi mtoto aliyempa mzee jina akifariki, ilimpasa katibu awe na habari, amwite mzee kwa mtoto mwingine aliye hai, bahasha isije ikatonesha kidonda. Kazi ile haikuwa ya daftari tu; ilitaka mtu wa kuhudhuria mazishi. Aliyefariki alipigiwa mstari mmoja mwembamba wa penseli, na barua inayofuata ikaandikwa kwa mjane. Chini ya jina ilikuja njia: kwa hisani ya shule, ya kanisa, ya duka, maana wenye sanduku la posta walikuwa wa kuhesabu.

Ranchi za huku kwetu Mukogodo, kama Il Ngwesi, Makurian na Kurikuri, zilikuwa chini ya sheria ya 1968 iliyotaka wanachama waandikishwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilipochukua nafasi yake, rejista ilibaki. Aliyeondoka ni yule mwenye kunyamaza.

Siku hizi kijana aliyeshika rejista anabonyeza mara moja, simu zinalia hadi Nanyuki. Sibezi wepesi huo. Barua zetu ziliwahi kufika mkutano umekwisha. Lakini juzi tangazo lilitumwa na nambari za wote zikiwa wazi, na jioni matapeli wakaanza kupiga. Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019. Katibu wetu hakuwa na sheria hiyo, ila hakuna aliyewahi kuchungulia daftari lake.

Wiki jana simu ya baba ililia. Mama bado huipeleka dukani kuchajiwa, mwaka wa nne sasa. Alinipa nisome. Ujumbe ulianza na neno “Mpendwa”, kisha majina yake matatu kwa herufi kubwa, majina ambayo hayajatamkwa nyumbani kwetu tangu tumzike.

“Wanasemaje?” mama akauliza.

Nikamsomea kuanzia tarehe ya mkutano.