Mtu wa Tatu Kwenye Karamu

Ukiondoa majina na miji, hadithi ya filamu The Wedding Banquet ingeweza kuwa ya Litein au Sotik, katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Kijana yuko mjini, ana kazi na nyumba, umri unasonga, na nyumbani hawachoki kuuliza ataoa lini. Wasichokijua wazazi ni kwamba anaishi na mpenzi wake, tena mwanamume mwenzake. Ang Lee aliitoa filamu hiyo mwaka 1993, ikawa mojawapo ya filamu mbili zilizogawana Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, na mwaka 2025 Andrew Ahn akaitengeneza upya. Shinikizo la ndoa huwaumiza watu kweli. Swali langu ni la kifundi: liligeuzwaje kicheko bila kumdhalilisha yeyote?

Kwanza, katika filamu ya Lee hakuna adui. Wai-Tung na Simon wanaishi New York, wazazi wako Taiwan. Wei-Wei, mchoraji aliyepanga katika jengo la Wai-Tung, anahitaji kibali cha ukaazi. Simon ndiye anayependekeza ndoa ya kuigiza, kwa nia njema. Wazazi wanapanda ndege kuja kushuhudia, kwa mapenzi. Harusi ya ofisi ya serikali inamtoa mama machozi. Kisha wanaingia mkahawani na kukuta kwamba mwenye mkahawa aliwahi kuwa dereva wa baba jeshini, naye kwa heshima anashikilia kwamba lazima iandaliwe karamu kubwa. Kila hatua ni wema, na kila wema unaukaza uongo. Angewekwa mzee mkali wa kupiga meza, tungemchukia na kicheko kingekauka.

Pili, na hapa ndipo ninapomvulia Lee kofia, ni usimamizi wa siri. Mimba ya Wei-Wei inapojulikana, watatu wale wanagombana mezani kwa Kiingereza mbele ya wazazi, wakiamini kwamba hawaelewi. Baadaye mama anaambiwa ukweli na kuomba baba afichwe. Mtazamaji anahesabu: amebaki mmoja asiyejua. Halafu baba anampa Simon bahasha nyekundu ya fedha siku ya kuzaliwa kwake na kumwambia, kwa Kiingereza, kwamba anajua. Alikubali kudanganywa kwa sababu bila uongo ule asingempata mjukuu. Ukiirudia sehemu ile ya ugomvi, mtazame baba peke yake. Dokezo lilipandwa pale, mbele ya macho yetu.

Sasa ihamishe hadithi hiyo Kericho. Pazia la lugha linaanguka mara moja, maana katika nchi ya majani chai Kiingereza, Kiswahili na Kikipsigis hukaa meza moja. Umbali nao haupo: Nairobi hadi Kericho ni karibu kilomita 260, safari ya siku moja. Udhuru wa pesa unakufa mwezi Oktoba, bonasi ya shirika la chai la KTDA inapowafikia wakulima. Na koito, sherehe ya posa ya Wakipsigis, haiwezi kuigizwa na watu watatu. Wazee wataketi na kuulizana koo za pande zote mbili, kwa hiyo uongo utahitaji familia nzima ya kuubeba. Kwangu hilo ni utajiri kwa mwandishi. Kila mjomba anayeongezwa ni mtu mwingine anayeweza kuwa anajua na kunyamaza.

Lakini kinachoisukuma hadithi ya Lee ni mrithi kuliko mapenzi, na kwa swali la mrithi Wakipsigis, kama Wanandi, walikuwa na jibu lao la wazi. Mali ya nyumba ya kila mke ilirithiwa na wana wa nyumba hiyo. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe wa mahari, akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba ile, ingawa baba yao wa damu alikuwa mwanamume mwingine. Utafiti wa Regine Smith Oboler kuhusu Wanandi, uliochapishwa 1980, unaeleza kwamba hapakuwa na mapenzi ya kimwili kati ya wawili hao. Tusiigeuze basi kuwa hadithi ya mahaba. Kinachonivutia ni utaratibu: palipohitajika mjukuu, hapakuhitajika kumdanganya mtu.

Wapenzi wa leo hawana mlango wa namna hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inataja haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipigwa marufuku 2018, kisha Jaji Wilfrida Okwany akairuhusu kwa siku saba. I Am Samuel ya Peter Murimi, inayomfuata kijana kati ya Nairobi na shamba la wazazi wanaomtaka aoe mwanamke, ilipigwa marufuku 2021. Hilo ni doa kwetu, maana hizo ni kazi za upole mkubwa.

Kasoro ya Lee ni Wei-Wei. Usiku wa karamu, baada ya pombe na michezo ya wageni, ndipo mimba inapoingia. Na pale wanaume watatu wanapopata walichotaka, yeye ndiye anayelipa kwa mwili wake. Filamu inampa nafasi ndogo mno ya kusema. Ahn aliliona pengo hilo: anawaweka wanawake wawili wapenzi kando ya wanaume wawili, na wao pia wana mtoto wanayemtaka. Katika desturi ya Wakipsigis na Wanandi pia, anayesahaulika ni mke aliyeolewa na mwanamke. Mwaka 2011, Mombasa, Jaji Jackton Ojwang alitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi, na mke aliyebaki akahesabiwa katika urithi wa marehemu. Alilazimika kwenda mahakamani ndipo asikilizwe.

Mwandishi wa Bomet atakayekiandika kichekesho hiki aanze na msichana anayeolewa: anataka nini, ameahidiwa nini, na ng'ombe wakishafika boma la baba yake, ni nani atakayemuuliza tena.