Neno "Cheche" Katika Gazeti la Wanafunzi wa Mlimani

Jina la gazeti ndilo neno la kwanza msomaji alionalo, na mara nyingine ndilo lililetealo gazeti mashaka. Hapa tumechagua kulichunguza neno moja tu, cheche, ambalo wanafunzi wa chuo kikuu pale Mlimani, Dar es Salaam, waliliweka juu ya gazeti lao mwezi Novemba 1969. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili na ushei. Gazeti hilo, lililopigwa taipu juu ya stensili, lilitolewa na chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichojulikana kwa herufi USARF, pamoja na Umoja wa Vijana wa TANU chuoni.

Kwa Mswahili, cheche si kitu cha kutukuzwa. Ni chembe ya moto irukayo jikoni kuni zikilia, au itokayo kwenye chuma mhunzi akikipiga juu ya fuawe. Mama humwambia mtoto asogee nyuma, asije akatobolewa nguo. Mwenye nyumba ya makuti hulitazama paa lake kwa wasiwasi. Tena cheche nyingi hufa kabla hazijagusa chini. Basi ndani ya neno hili mna udogo, mna hatari, na mna ufupi wa maisha.

Lakini wanafunzi hawakuliokota neno hili jikoni. Walilitoa katika Iskra, gazeti la Lenin na wenzake lililoanza Desemba 1900, na katika The Spark, gazeti lililochapwa Accra zama za Nkrumah. Iskra kwa Kirusi ni cheche, na wito wake ulitokana na shairi la mmoja wa waasi wa 1825 waliopelekwa Siberia. Huko cheche ni ahadi. Kwetu ni onyo. Wanafunzi waliitwaa ahadi wakaivika neno la onyo, na sisi tunaotunga mashairi hatuwezi kuwalaumu, maana neno lililobeba maana mbili lina nguvu kuliko lenye moja.

Novemba 1970 gazeti lilipigwa marufuku, na USARF ikavunjwa. Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri, ameeleza kwamba jina lilitajwa katika sababu: eti lilifanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Sisi tuliokaa miaka mingi na majalada ya serikali twajua jinsi jalada linavyoweza kuhukumiwa kwa jina lake kabla halijafunguliwa. Hata hivyo hoja hiyo haikubaliki kwa mwenye kuijua lugha. Neno jamaa lilitoka Kiarabuni, likazaa ujamaa, likapewa kazi mpya ambayo wazee wetu hawakuijua. Wala hakuna aliyesema kuwa ujamaa wetu ni wa Kiarabu. Kama jamaa liliruhusiwa kupewa kazi mpya, cheche lilikosa nini?

Kasoro ya jina hilo twaiona mahali pengine kabisa. Ukifunua jalada, wakutana na Kiingereza. Hatusemi kwamba yaliyomo yalikuwa hafifu: makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka, yaliyotolewa katika toleo maalumu la Septemba 1970, yanasomwa hadi leo. Twajua pia kwamba masomo na mitihani yao ilikuwa kwa Kiingereza. Lakini walimtetea mkulima na mfanyakazi katika lugha ambayo wengi wao hawakuisoma, ilhali maneno bepari, kupe, kabwela na unyonyaji yalikuwa yamekwisha kuenea mitaani na redioni. Mkulima wa Bagamoyo, lau angelipata gazeti hilo, angalisoma neno moja tu, kisha angaliduwaa.

Mwaka 1971 Umoja wa Vijana ulitoa gazeti jingine, MajiMaji. (Mwenye mzaha atasema moto ulizimwa kwa maji.) Jina hilo, la vita vya 1905 hadi 1907, hapana aliyeweza kuliita la kigeni, lakini ndani Kiingereza kiliendelea. Na Hirji alipotoa kitabu cha kumbukumbu za gazeti lake la kwanza, mwaka 2010, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Neno Cheche likabaki pale pale lilipokuwa tangu awali, juu ya jalada.