Umeme Hufia Kwenye Plagi

Zuzu, pembeni mwa jiji la Dodoma, inajulikana kwa kituo chake cha kupoza umeme. Hapo hupita laini ya msongo wa kilovoti 400 itokayo Iringa kwenda Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, mwendo wa kilomita 670. Wanaoilinda laini hiyo tunawaita wahandisi, na heshima hiyo ni haki yao. Lakini umeme huohuo, ukishashushwa hadi volti 230 na kuingia jikoni, mara nyingi hukwama mahali padogo mno: skrubu iliyolegea ndani ya plagi, waya uliokatikia shingoni mwa blenda, fyuzi iliyoungua. Anayejua kutengeneza kipande hicho cha mwisho anafanya kazi ya akili ileile, na nadai apewe heshima ileile.

Chukua birika la umeme la wati 2,200. Likiwaka huvuta takriban ampea tisa na nusu. Skrubu ya plagi ikilegea na kuongeza ukinzani wa nusu omu tu, hapohapo kwenye skrubu huzuka joto la wati 45 hivi, sawa na la pasi ya kuchomea risasi, nalo limefungiwa ndani ya plastiki. Plagi inabadilika rangi, inanuka, inayeyuka, na nyumba nzima inatangaza kwamba birika limekufa. Birika ni zima. Koili yake ukiipima kwa mita itasoma omu 24 hivi, kama siku iliponunuliwa. Fundi mzuri huanza kwenye plagi, akafuata waya, akaja kwenye swichi, ndipo afike kwenye koili, akipima kila hatua mpaka abaki mshukiwa mmoja. Dodoma kuna mshukiwa wa ziada: maji ya visima vya Makutupora yana chumvichumvi, nayo huacha ukoko mweupe unaozuia joto lisiingie majini, birika likajizima kabla maji hayajachemka. Huyo dawa yake ni siki au ndimu na subira.

Wapo wasemao umeme si wa kuchezea. Wanasema kweli. Nyaya za ukutani ni za fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mita ya LUKU ya kulipia umeme kabla haiguswi, na maikrowevu tuiache kabisa, kwa kuwa kapasita yake huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Ila hatari iliyozagaa zaidi majumbani huletwa na wasiojua ufundi huu: plagi ya pini mbili iliyolazimishwa kuingia kwa kijiti kilichochomekwa kwenye tundu la juu, fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, waya wa ethi uliokatwa kwa sababu "hata bila huo inawaka". Huku kwetu mvua huanza Desemba na kukoma Aprili. Miezi mingine yote udongo ni mkavu, na nondo ya ethi kwenye udongo mkavu haipeleki umeme ardhini ipasavyo. Kinga ikishakuwa dhaifu chini, haifai kuikata juu. Ndiyo maana fundi anayejali huuacha waya wa kijani na njano uwe mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi, ili mtu akiuvuta kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka.

Husemwa pia kwamba jipya ni nafuu. Huenda, kwa mwezi mmoja. Kama soketi ndiyo iliyolegea, birika jipya litachomekwa palepale na plagi yake itaungua vilevile, kwa sababu aliyenunua hakuuliza la kwanza liliuawa na nini. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa. Sisi tunao mafundi tayari, tunachokosa ni vipuri na wateja wenye imani. Kwa hiyo birika lako likizima, usilitupe. Lichomoe, liache lipoe, ufungue plagi kwanza.