Wekundu Usiokuwepo Kinani

Vijitabu vinavyowaalika wageni kuja kuzamia kwenye miamba ya Mnemba, kaskazini-mashariki ya Unguja, vina msamiati mmoja: pepo, bustani, kimya, rangi. Msamiati huo sasa unabisha hodi katika tungo zetu. Si kosa mshairi kuyasifia matumbawe. Kosa ni kuyasifia kwa macho ya kuazima.

Na uanze wekundu. Maji huumeza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine. Kwenye kina cha mita 20, kilicho chekundu huonekana kijivu au cheusi, na mzamiaji aliyejikata huiona damu yake kama kijani. Wekundu wa kwenye picha ni wa taa ya mpiga picha. Basi mshairi anayeyavisha matumbawe ya kinani wekundu wa waridi hakuisifu bahari, ameisifu picha.

Kimya nacho ni cha kubuni. Mwamba ulio hai una makelele: kamba wadogo huualisha magando yao bila kukoma, na pono huyaguguna mawe hadi mlio ukasikika.

Huyo pono anatosha kuonesha jinsi lugha ya wavuvi ilivyokitangulia kijitabu. Mswahili husema fulani amelala kama pono. Mgeni anayezama usiku na tochi yake humkuta pono kweli amelala fofofo, na baadhi ya jamii zake hujifunika utando wa ute unaotoka kinywani mwao. Mchana samaki huyohuyo hutafuna mwamba na kuutoa ukiwa mchanga; sehemu ya ufukwe mweupe unaosifiwa imepita tumboni mwake. Hapo pana shairi zima, na hakuna pepo ndani yake.

Neno lenyewe la mzamiaji lina pande mbili. Ni mgeni aliyelipia mtungi wa hewa ashuke mwambani. Na ni kijana aliyejificha melini kwenda kuitafuta riziki Ulaya. Mmoja huzama akijua saa ya kuibuka. Utungo unaomwimba wa kwanza huku ukimsahau wa pili umelitumia neno nusu.

Itasemwa kwamba mshairi wa kisiwani hana fedha za kuzamia. Kina si sharti. Katika hifadhi ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mitungi. Huelea juu kwa miwani na mrija, na mwamba huwatosha. Linalotakiwa ni kutazama kwa subira, kama atazamavyo mvuvi anayengoja maji yapwe.

Wala jambo hili si la mapambo ya lugha peke yake. Mwaka 1998 joto la maji liliyapausha matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mengi yakafa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza upaukaji mwingine, wa dunia nzima. Washairi wa Kiswahili huziita aina za tungo zao bahari. Ni haki bahari ya maji idai kujuliwa kwa makini yaleyale ya vina na mizani. Mshairi ambaye mwambani ameona rangi tu, shairi lake litakwisha siku mwamba utakapopauka. Aliyemjua pono atakuwa na la kuomboleza.