Dodo hakuwa mujinga: picha moja na vilima vyetu

Bandugu, picha ya dodo sisi wote tunaijua: ndege munene, tumbo karibu inagusa chini, anaangalia kama mutu mwenye usingizi. Sura hiyo ilienezwa sana na mchoro wa Roelant Savery, wa karibu mwaka 1626, ambao uko London mu muzeo ya viumbe. Ni kazi ya fundi wa kweli: manyoya, mudomo, yote inaonekana hai. Lakini mimi naona inatudanganya mara mbili.

Kwanza, unene. Mifupa iliyochimbwa kule Morisi, kuanzia Mare aux Songes mwaka 1865, imesaidia wataalamu kuona ndege mwembamba kuliko yule wa mchoro.

Pili, na hii njo mubaya zaidi: kisiwa chenyewe hakimo. Pembeni ya dodo kuna kasuku wa Amerika. Hakuna panya, hakuna nguruwe, hakuna tumbili, wale wanyama walioletwa na meli wakakula mayai yake palepale chini. Waholanzi walifika 1598. Mara ya mwisho dodo kuonekana, inayokubaliwa na wengi, ni 1662. Ukitoa hayo yote mu picha, anabaki ndege peke yake, na mutu anasema: ujinga wake njo ulimuua. Kumbe alikuwa wa ukoo wa njiwa, kwenye kisiwa bila munyama wa kumuwinda. Angeruka akimbie nani?

Naandika hii sababu ya vilima vyetu vya shaba. Huku Kolwezi viko kama visiwa katikati ya miombo. Pale mahindi yanakauka, Crotalaria cobalticola na Haumaniastrum katangense zinatoa maua. Kuna mimea ya vilima hivi ambayo haioti pengine duniani.

Mwaka uliopita nilikuwa mu kikundi cha kuhesabu mimea ya kilima kimoja, mbele mashini ziingie. Mwenzangu aliandika mu fomu: "nyasi tu". Jua lilikuwa kali, gari lilikuwa linatungojea. Niliweka sahihi. Leo pale ni shimo. Na sisi tulichora kama Savery, ila yeye alikuwa na kipaji.

Wadogo zetu wa agronomia, siku mutapewa fomu hiyo, muandike kila jina. Na muandike pia nani anakuja kuchimba.