Fundi Anayesubiri

Gerezani, Dar es Salaam, yuko fundi umeme wa magari ambaye sifa yake kubwa ni kukaa bila kufanya kitu. Huzima swichi, hufungua waya wa hasi wa betri, huuviringishia kitambaa usije ukagusana tena na betri, kisha huketi.

"Mzee, mbona huanzi?" mwenye gari alimuuliza juzi.

"Nimeshaanza, kijana wangu."

Toyota wenyewe wanaagiza kusubiri angalau sekunde 90, maana eabegi hubaki na umeme wa akiba hata betri ikishafunguliwa. Yeye husubiri zaidi. Hata akishaingia chini ya dashibodi, soketi za manjano, ambazo ndizo za eabegi, huzipisha kama mtu anavyompisha mama mkwe njiani.

Ila uhondo uko mikononi. Kwanza hugusa chuma cha bodi, umeme tuli wa mwilini uishie hapo usiende kuunguza saketi. Plastiki haichokonoi kwa bisibisi. Huibandua kwa kijiti alichokichonga mwenyewe, akisikiliza klipu zikiachia moja moja. Akilifikia kontroli boksi, havuti nyaya. Kidole gumba hubonyeza kifungo cha soketi, nayo hutoka yenyewe. Juzi pini zilikuwa na kutu ya kijani. Akapapasa kapeti: imelowa. Bomba la kutolea maji ya AC lilikuwa limeziba.

"Boksi halijafa," akasema. "Limenyeshewa tu."

Zamani za kabureta, taa ya kupimia yenye bulbu ilitosha. Leo bulbu hiyo huvuta umeme mwingi kuliko saketi ndogo zinavyohimili, lakini bado naona vijana wakiichomeka popote, wakitoboa maganda ya nyaya ili unyevu upate pa kuingilia. Plastiki nazo huzichokonoa kwa bisibisi. Ndiyo maana magari yetu yanapiga kelele dashibodi nzima: klipu zimevunjwa, skrubu zimebaki gereji. Siwalaumu peke yao. Sisi wenye magari ndio tunaosimama mlangoni tukitazama saa.

Yule wa juzi aliposikia bei alikuja juu. Hakuna kifaa kilichobadilishwa, pesa ya nini? Akalipa nusu, akaondoka na gari linalowaka vizuri. Kijana aliyekuwa akijifunza kwa mzee ameshahamia mtaa wa pili, kwenye duka la maboksi ya mtumba. Kule boksi hubadilishwa kabla halijapimwa, na wateja hulipa bila kuuliza.