Mkono Ukatao Nta

Mama wa Mosocho akigundua uvimbe kwenye titi, atapanda matatu hadi mjini Kisii, atapimwa, atachomwa sindano ya baiopsi, kisha atarudi nyumbani kusubiri majibu. Atamkumbuka daktari aliyemchoma na muuguzi aliyemshika mkono. Lakini hatima yake itakuwa imepita katika mikono ya watu asiowaona: aliyekitia kipande cha nyama yake ndani ya fomalini, aliyekikata kikawa chembamba kuliko unywele, aliyekipaka rangi, na aliyekisoma kwa hadubini. Hao ndio ninaotaka kuwasifu. Wana ufundi mkubwa, nasi hatuna desturi ya kuutaja.

Gusii, nchi ya Wakisii, si ngeni kwa ufundi wa aina hii. Kabla ya hospitali za serikali walikuwako ababari, mabingwa wa kupasua kichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokoma, alipelekwa kwa omobari. Huyo aliifungua ngozi ya kichwa na kuukwangua mfupa wa fuvu, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Madaktari wa kigeni waliandika habari zao katikati ya karne ya 20 kwa mshangao, maana wagonjwa waliopona walikuwa wengi. Kukata mfupa si kazi ya ajabu. Ustadi wa omobari ulikuwa katika kujua pa kukomea, asije akautoboa utando wa ubongo. Fundi wa maabara ya tishu naye anaishi kwa kujua pa kukomea.

Kazi yake huanza mapema kuliko tunavyodhani. Nyama ikishatoka mwilini huanza kuharibika papo hapo, kwa hiyo inatakiwa iingie kwenye fomalini bila kuchelewa, na fomalini yenyewe iwe mara kumi ya ujazo wa nyama. Ikiwa ni ya titi, ikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Ikitolewa mapema, katikati yake hubaki mbichi. Ikisahauliwa, vipimo vitakavyofuata vitayumba. Baada ya hapo hupitishwa kwenye alkoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua hadi maji yote yatoke, ikaingia kwenye zailini inayoiondoa alkoholi, ikamalizia kwenye nta iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 60. Nta ikiganda, nyama na nta huwa kitu kimoja: kibonge kidogo kinachoenea kiganjani.

Sasa mtazame fundi akikata. Kibonge kimekaa juu ya barafu ili nta iwe ngumu. Anakifunga kwenye maikrotomu, anazungusha gurudumu la mkono, na kila mzunguko kibonge kinashuka mbele ya wembe na kuacha utando wa mikroni 3 au 4. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Utando wa kwanza hushikana na wa pili, wa pili na wa tatu, hadi utepe mrefu unaning'inia kwenye wembe, mwepesi kiasi kwamba pumzi yake mwenyewe yaweza kuupeperusha. Anaunyanyua kwa brashi, anaulaza juu ya maji ya vuguvugu, unatanuka. Kisha anaingiza kioo chini ya maji kwa mshazari na kuupandisha juu yake bila kunjo. Kunjo likibaki, seli zitarundikana na kumdanganya msomaji. Wembe ukiwa na pengo lisiloonekana kwa jicho, mchirizi utaikata picha nzima. Na baiopsi ya sindano ni nyembamba: akikata kupita kiasi akitafuta utando mzuri, nyama itakuwa imekwisha, na mama wa Mosocho atalazimika kuchomwa tena.

Rangi zinazofuata ni mbili. Hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, hupaka viini vya seli buluu ya zambarau; eosini huyapaka waridi yaliyobaki. Kwa rangi hizo hizo mbili, zilizotumika kwa zaidi ya karne moja, daktari wa patholojia anatoa uamuzi ambao mikono na macho matupu hayawezi kuutoa. Chukua uvimbe wa tezi shingoni, jambo la kawaida katika kliniki zetu. Huenda ukawa kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi. Huenda ukawa limfoma, saratani ya tezi zenyewe. Wapo waliomezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi huku saratani ikiendelea kukua, kwa sababu hakuna aliyeitazama tishu. Hali ni hiyo hiyo kwa mzee anayeshindwa kumeza chakula. Kenya ya magharibi imo katika ukanda wa Afrika Mashariki na Kusini ambako saratani ya umio imeenea isivyo kawaida, kwa hiyo hofu huja haraka; lakini umio huweza pia kuzibwa na kovu au na ugonjwa wa misuli yake, na kipande cha tishu ndicho kinachoamua.

Kujua kwamba ni saratani hakutoshi siku hizi. Saratani mbili za titi zinazofanana chini ya hadubini zaweza kuhitaji dawa tofauti kabisa. Hapo fundi hukata utando mwingine kutoka kibonge kile kile na kuumwagia kingamwili zinazotafuta protini moja tu. Protini ya HER2 ikiwa nyingi, kingo za seli hugeuka kahawia iliyokolea, na mgonjwa huyo anaweza kunufaika na trastuzumab, dawa isiyo na maana kwa mwenye seli zisizo na HER2. Rangi ikiwa ya wastani, isiyokataa wala kukubali, huulizwa jeni lenyewe: nakala zake ngapi zimo ndani ya kiini? Kwa saratani ya damu iitwayo CML, swali hilo la jeni ndilo linalofungua mlango wa tiba. Mwaka 1960 watafiti wa Philadelphia waliona kromosomu fupi kupita kiasi katika seli za wagonjwa; ikaja kufahamika kwamba kipande cha kromosomu 9 na cha kromosomu 22 vilibadilishana mahali. Mwaka 2001 dawa ya imatinib, iliyolenga kosa hilo, iliidhinishwa Marekani, na ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa wa kuishi nao kwa kumeza vidonge.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika safari hii. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini Mulago, Kampala, kumtazama mtoto aliyevimba taya. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari kama kilomita 16,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali, wakagundua kwamba umejaa katika nchi za joto na mvua na ni nadra katika nyanda za juu. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege kutua Manchester, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwenye haraka angekitupa akidhani kimeingia bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli za saratani zikielea, hai. Alifaulu kuzikuza seli hizo maabarani, na mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kinachobeba majina ya Epstein na Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka kulisema. Tunapenda kuzisifu jeni kana kwamba zimeifuta kazi ya zamani. Sivyo. Mashine inayosoma DNA ya uvimbe husoma kile kilichohifadhiwa na fomalini ya siku ya kwanza. Fomalini ikiwa chachu, au nyama ikisahauliwa humo kwa wiki, nyuzi za DNA hukatikakatika, na hakuna mashine ya Nairobi wala ya Ulaya inayoweza kuziunga. Elimu mpya kabisa inategemea chupa iliyojazwa vizuri na kuandikwa jina kwa usahihi katika chumba kidogo cha Kisii. Usione vyaelea, vimeundwa.

Makadirio ya GLOBOCAN, hifadhidata ya saratani duniani, ya mwaka 2020 yalitaja wagonjwa wapya wa saratani 42,116 nchini Kenya, na vifo 27,092. Kaunti zinapopanga vituo vya saratani, macho hukimbilia mashine za mionzi, kwa kuwa ndizo zinazopigwa picha siku ya uzinduzi. Bajeti ianze kwa wanaokata nta: waajiriwe, wafunzwe, wapewe wembe mpya na kingamwili zisizokwisha katikati ya mwezi, maana mionzi na dawa hufuata neno lao. Na wewe unayempeleka mama yako kupimwa, omba nakala ya ripoti na uliza kibonge chake kinahifadhiwa wapi. Kikitunzwa vyema hudumu miaka mingi. Dawa mpya ikija kesho na kudai kujua jeni fulani, jibu laweza kupatikana humo bila mama kuchomwa tena, kwa sababu mtu fulani alijua pa kukomea akaibakiza nyama.